Mega Man tatu za mwanzo: ya pili inasifiwa zaidi, ya tatu ndiyo bora

Kilichoitenga Mega Man na gemu nyingine za kuruka majukwaa, tangu Capcom ilipoitoa Japani Desemba 1987, ni ule ukurasa wa kuchagua. Mabosi, yaani maadui wakuu wanaokungoja mwisho wa kila hatua, wamepangwa kwenye skrini na wewe ndiye unayeamua uanze na nani. Ukimshinda, silaha yake inakuwa yako, na kuna bosi mwingine ambaye silaha hiyo inamuumiza kuliko kawaida. Kwa hiyo nikizipima gemu tatu za mwanzo sianzii kwenye michoro wala muziki. Naanza na huo uhuru: je, uamuzi wangu wa nani aanze unabadilisha chochote?

Zote tatu nimezicheza kwenye Mega Man Legacy Collection ya 2015, ambayo ina gemu sita za kwanza zilivyokuwa kwenye NES, mashine ya gemu ya Nintendo, pamoja na nafasi ya kuhifadhi ulipofika. Hiyo nafasi ni muhimu sana kwa gemu ya kwanza, maana yenyewe haikuwa hata na nenosiri la kuandika ili uendelee ulipoachia.

Gemu hiyo ya kwanza wengi huipita haraka, nami naona wanaionea. Mabosi ni sita tu, lakini wamefungwa katika duara moja lisilo na kiungo kilichokatika: visu vya Cut Man vinamkata Elec Man, umeme wa Elec Man unamvunja Ice Man, barafu inamzima Fire Man, moto unamlipua Bomb Man, mabomu yanambomoa Guts Man, na nguvu za Guts Man zinamrudia Cut Man. Ingia chumbani kwa Cut Man ukiwa na Super Arm ya Guts Man uone. Mle ndani kuna matofali makubwa mawili ambayo kwa mchezaji mwingine ni kizuizi tu. Wewe unalinyanyua moja, unamrushia, unalifuata la pili, na pambano limekwisha. Hakuna maandishi yaliyokuelekeza. Chumba chenyewe kimekupa jibu. Hali kadhalika Magnet Beam, ile silaha ya kujitengenezea ngazi hewani, imefichwa nyuma ya matofali katika hatua ya Elec Man. Bila silaha ya kuyaondoa, unaiona na kuiacha.

Kinachoiangusha ni ukatili usio na faida. Katika gemu zilizofuata, ukishapigwa na adui unametameta kwa muda mfupi, na katika muda huo miiba haikuui. Humu inakuua. Adui mdogo anakugusa, unarudi nyuma nusu hatua, unaangukia miiba, umekufa kwa kosa dogo kuliko adhabu yake. Maadui wakijaa, gemu inakuwa nzito na michoro inapepesa. Pointi nazo zipo, unaokota vitu kwa ajili yake, na hazikusaidii lolote. Capcom waliziondoa katika gemu ya pili na hakuna aliyezililia.

Mega Man 2, ya Desemba 1988, ndiyo inayotajwa kila watu wanapobishana kuhusu mfululizo huu. Mabosi wakawa wanane, nenosiri likaja, matangi ya kujazia nishati yakaja, na muziki wa Takashi Tateishi katika hatua ya kwanza ya ngome ya Dr. Wily, adui mkuu wa mfululizo, bado unanisisimua. Hatua ya Quick Man ina miale inayoua papo hapo, nawe unaporomoka kati yake huku ikifunga njia pande zote. Time Stopper ya Flash Man inaisimamisha, lakini ukishaiwasha haizimiki mpaka iishe, na silaha hiyohiyo ndiyo inayomuumiza Quick Man mwenyewe. Uitumie njiani au umwekee bosi? Huo ndio uamuzi ninaoutafuta katika Mega Man, na sijauona ukiwekwa vizuri zaidi ya hapo.

Tatizo ni Metal Blade, silaha ya Metal Man. Inarushwa pande nane, inakula nishati kidogo mno, na inawafaa maadui wengi kiasi kwamba nikishaipata silaha nyingine karibu zote zinalala. Uhuru umebaki kwenye menyu tu. Halafu ngomeni kuna chumba cha Boobeam Trap, mizinga ya ukutani inayoumizwa na Crash Bomb peke yake, na bomu hizo ni saba ukiwa umejaza kabisa. Ukipoteza moja, afadhali ufe uanze kukusanya nishati upya. Huo ni uchoshi, si ugumu.

Mega Man 3 ilitoka Septemba 1990. Bonyeza chini pamoja na kitufe cha kuruka: Mega Man anateleza. Ni kitu kidogo kwenye karatasi, lakini mkononi kinabadilisha kila pambano, kwa sababu sasa risasi ya juu unaipita kwa chini na kona unatoka. Rush, mbwa wake wa chuma, yuko nawe tangu mwanzo kukurusha juu kwa springi. Na Proto Man, roboti mwenzake anayekuja kupambana nawe, anatangulizwa na mluzi wake, unajua kabisa nani anakuja kabla hujamwona.

Ina kasoro. Baada ya mabosi wanane unarudishwa katika hatua nne zilizobomolewa, na humo Doc Robot, roboti mkubwa, anapigana kwa mbinu za mabosi wote wa gemu ya pili. Sehemu hiyo ni ndefu mno, na mwili mkubwa wa Doc Robot ni mgumu kuuruka. Hata hivyo hakuna silaha moja inayomeza nyingine zote, na duara la mabosi limegawanywa mawili, kwa hiyo hata ukishajua la kwanza bado una la pili la kulisaka.

Anayetaka kuanzia hapa aende kwa Top Man akiwa na bunduki yake ya kawaida. Top Spin impelekee Shadow Man, Shadow Blade impelekee Spark Man, Spark Shock kwa Magnet Man, na Magnet Missile kwa Hard Man. Needle, Snake na Gemini waachie wenyewe, ujitafutie mpangilio wao.