Imatinib: dawa naivumilia, ila yule dokta sijui kama nitamsamehe

Mnaoulizia imatinib ya kansa ya damu, hii yetu ya CML, mambo ya miligramu mtajisomea wenyewe, yako kwenye karatasi ndani ya boksi. Mimi nimekuja kuongelea yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo huko chini, ambayo ukimwambia dokta anakuona unadeka.

Nianze na misuli, maana ndiyo imenitoa roho. Umelala zako, mara shavu la mguu linakaza linakuwa gumu kama jiwe, vidole vinajipinda kila kimoja na upande wake, huwezi kusimama huwezi kulala, unabaki umeukumbatia mguu unausubiri uachie. Na si mguu tu. Kuna asubuhi napiga mswaki mkono ukakamaa hapo hapo, ikabidi nivibandue vidole kimoja kimoja kwa mkono wa pili, povu linanichuruzika kidevuni. Kichefuchefu kipo, tumbo kuendesha lipo, hayo nilishayazoea. Macho ndo usiseme, kope zinajaa maji ukiamka unaonekana umelia usiku kucha, kazini washanipa pole ya msiba ambao sina.

Sasa mwaka jana huko mwishoni naenda kliniki, dokta anaangalia majibu ya PCR, kile kipimo cha damu kinachoonyesha ugonjwa umebaki kiasi gani, namba zinashuka vizuri, kafurahi. Nikaona huyu leo yuko vizuri, ngoja niseme. Nikamwambia dokta, misuli inanitesa, silali. Hata kichwa hakuinua. "Wewe mshukuru Mungu, zamani ungeshakufa." Alafu akaita mgonjwa mwingine mimi nikiwa bado nimekaa kwenye kiti!

Sawa, ni kweli. Kabla hii dawa haijaidhinishwa Marekani 2001 watu walikuwa wanachomwa sindano za interferoni, au wapandikizwe uboho kama wamebahatika kupata wa kuwatolea. Na utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa wa imatinib kwa zaidi ya miaka 10 ulionyesha zaidi ya asilimia 80 walikuwa hai kufikia mwaka wa 10. Nayajua yote hayo, ugonjwa ni wangu, nimeusoma. Ila kushukuru kunalegeza misuli?

Na kinachonichefua zaidi ni hiki, hii dawa haiui ugonjwa ukasahau, inakaa pale imeziba kile kimeng'enya cha BCR-ABL kinachoziamrisha chembe nyeupe zizaliane ovyo, kwa hiyo inatakiwa iwepo mwilini kila siku. Mtu halali, analalamika anaambiwa ashukuru, unadhani atafanya nini? Ataruka kidonge leo, ataruka kesho aone kama miguu itatulia, akija kliniki atasema nameza kama kawaida. Pale kwenye benchi wapo, wanaambiana kwa kunong'ona. Siku ugonjwa ukirudi juu mtasema dawa imegoma, kumbe mlimfukuza mtu na maumivu yake.

Aliyenisaidia ni mfamasia, dada wa watu hata hajui kama aliniokoa. Yeye aliuliza. Unameza saa ngapi, umekula nini, maji kiasi gani? Mambo ya kawaida tu lakini hakuna aliyewahi kuniuliza. Akaniambia nimeze katikati ya mlo mkubwa wa siku na glasi kubwa ya maji, nilale kichwa kimeinuka kwa ajili ya macho, juisi ya balungi nisiiguse kabisa kwa sababu inapandisha dawa kwenye damu, na nijipime uzito, ukipanda ghafla au pumzi ikibana nisisubiri tarehe ya kliniki. Alafu akanisukuma niombe kipimo cha madini, kalsiamu, potasiamu, magnesiamu, fosfeti. Fosfeti ikakutwa iko chini! Kitu cha kupima damu tu, na damu wananitoa kila nikienda.

Baada ya kurekebishiwa hayo misuli imepungua, haijaisha. Kichefuchefu nikila vizuri hakuna. Kwa hiyo dawa naipa nyota tatu. Au nne, maana kusema ukweli niko hai na nafanya kazi zangu. Haya chukueni tano, kidonge hakina kosa, hakijawahi kuniambia nishukuru. Aah hapana, usiku wa juzi mguu ulinikaza mpaka nikauma shuka, nne inatosha.

Huduma sifuri. Yule mfamasia ndo nampa zote zilizobaki. Na kliniki ijayo nikimkuta yule dokta tena sinyanyuki kwenye kile kiti mpaka aandike "misuli" kwenye faili langu na mimi naona, aite wagonjwa wake wote waje wasimame mlangoni wanisubiri.