Gereji ya Njiro inayokagua gari za Ulaya: kabla hujalipa hela ya BMW au Benzi, ipitishe kwa huyu fundi

Kama una mpango wa kununua BMW, Benzi, Audi ama Land Rover iliyotumika na uko Arusha au Moshi, nasema bila kuzunguka, kabla hujatoa hata advansi ipitishe kwenye gereji moja iko Njiro hapa Arusha, jina fundi kaniomba nisiliweke hadharani maana eneo lake ni dogo na gari zikizidi hakuna pa kugeuzia, ila wenye gari za Wajerumani hapa mjini karibu wote wanamjua, ulizia utaelekezwa. Yeye kazi yake kubwa ni ukaguzi kabla ya kununua. Laki moja. Wapo wanaosema ni ghali kwa kuangalia tu, mimi naona hiyo laki ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya kushusha injini.

Mimi nilipelekwa pale na shemeji yangu wa Moshi. Alipata Benzi ML 350 ya 2006, ilikuwa inauzwa huko huko Moshi, nje inang'aa, ndani ngozi haijachanika, bei ya kuvutia, na ile taa ya cheki injini imezimika kabisa. Muuzaji akakubali tuilete Arusha, ni kama kilometa 80 tu. Sasa fundi tulipompigia cha kwanza hakuuliza rangi wala imetembea kilometa ngapi, aliuliza namba ya chesisi, akasema nitumie picha kaka, halafu gari iletwe jioni ilale hapa, nataka kuiwasha mwenyewe asubuhi ikiwa ya baridi.

Hiyo ya kulaza gari ndio mafundi wengi hawaifanyi na ndiyo yenye maana kuliko mashine ya kusoma hitilafu za kompyuta ya gari. Cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu ziende sawa na pistoni, ikilegea au tensheni inayoikaza ikichoka inalia zile sekunde za mwanzo injini ikiwa imelala usiku kucha, oili ikishapanda kelele inakata, na muuzaji mjanja anakupokea na gari ikiwa ya moto tayari. Kinyume chake valvu sili zilizokauka, zile za mpira zinazozuia oili kuingia kwenye silinda, anazitafuta injini ikishachemka vizuri, anaiacha sailensa, bila kukanyaga mafuta, muda, halafu anakanyaga mafuta ghafla na mtu kasimama nyuma anaangalia kama unatoka moshi wa bluu.

Kwa hiyo ML alituelezea kitu ambacho shemeji alikuwa hajawahi kusikia. Injini yake ni M272, V6, na za mwanzo mwanzo, zile za mpaka kama mwishoni mwa 2006, zina balansi shafti, ile ya kupunguza mtikisiko, yenye gia ya chuma kisicho imara vya kutosha, meno yanalika taratibu, taimingi inarudi nyuma, na kwenye mashine zinakuja kodi za hitilafu 1200 au 1208. Gia yenyewe sio ghali ila iko ndani ya bloku, kuifikia lazima injini itoke yote. Na mtu anaweza kufuta hizo kodi asubuhi akakuuzia gari mchana! Ndio maana fundi hakuridhika na mashine peke yake, alisoma namba ya injini kwanza, akageuza kranki, shafti kuu ya injini, mpaka kwenye alama, akafungua sensa za kemshafti, shafti za valvu, akachungulia kwenye matundu yake kama alama zimekaa mahali pake. Zilikuwa zimekaa sawa. Shida aliyoikuta ni ya utunzaji, rejeta ina maji ya bomba badala ya kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, na oili imekuwa nyeusi nzito kama lami, akaikata na filta ya oili kuangalia kama kuna vipande vya chuma vinavyong'aa, hakuna.

Halafu akaja kwenye breki, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu kweli kweli. Juni 2022 Mercedes walitangaza rikoli, yaani kuita gari zirudi kukaguliwa na kurekebishwa, ya karibu magari milioni moja duniani, ML, GL na R-Class za 2004 mpaka 2015, kwa sababu ya busta ya breki, ile inayoongeza nguvu ya mguu wako, kuliwa na kutu kwa ndani chini ya ule mkanda wa mpira unaoizunguka, maji yanajikusanya pale, na ikifika hatua mbaya breki zinaweza kupoteza nguvu. Kampuni iliwaambia wenye gari waache kuziendesha mpaka zikaguliwe. Sasa niambie, nani huku kwetu alipigiwa simu? Gari ikishatoka Japani au Uingereza ikabadilisha namba ikawa T nani nani, barua ya kiwanda inakwenda kwa mwenyewe wa zamani huko, hapa kwetu hakuna anayekutafuta. Fundi akakunja ule mpira akatuonyesha kwa tochi, ya shemeji ilikuwa na vumbi tu, kutu hamna. Fikiria unashuka na familia kutoka Marangu na hujui hali ya hiyo busta. Mtu mzima anaweza kukubali gari inayokula oili, breki hapana.

Bei ikashuka baada ya ile habari ya maji ya bomba, shemeji akachukua gari, akabadilisha kulanti na kuweka oili yenye kibali cha Mercedes cha MB 229.5 kama fundi alivyomwambia. Mpaka sasa iko barabarani.

Nilivyoona hivyo nikawa napita pale hata bila shida, nakaa kwenye benchi nasikiliza. Kila gari ikiingia swali ni injini gani, haulizi modeli. Jamaa kaleta BMW 320i ya ile bodi ya E90, hizi zimejaa mjini, fundi anajua injini yake ni N46, anakwenda moja kwa moja kwenye valvu sili na uvujaji wa oili kwenye kava ya juu. Mwingine ana 320d ya 2009, N47 hiyo, cheni yake Wajerumani waliiweka nyuma upande wa gia boksi, ikianza kulia inabidi gia boksi au injini ishuke, anakwambia ukisikia mlio hata kidogo usiendelee kutembea nayo kwenda kwenye harusi, simamisha. BMW za bodi ya F30 na X1 zenye injini ya N20 anaogopa vishikio vya cheni vya plastiki, zile za kabla ya mwanzoni mwa 2015, vinavunjika vipande vinadondoka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Na Agosti 2024 huko Marekani BMW waliita gari zaidi ya 720,000 za 2012 mpaka 2018 kwa sababu ya plagi ya umeme ya wota pampu, majimaji yanaweza kuingia, ikapiga shoti na kuleta moto. Anaifungua hiyo plagi anaangalia.

Audi zenye injini ya petroli ya 2.0 TFSI za 2008 mpaka 2011 hivi, swali lake ni moja tu, unaongeza oili lita ngapi kati ya sevisi na sevisi, maana ringi za pistoni za injini zile zinapitisha oili na dawa ni kufungua injini. Land Rover na Range zenye dizeli ya 3.0 ya V6 anakuwa mkweli zaidi, krankshafti za zile injini zimeshakatika kwa watu wengi duniani na anasema wazi kabisa hana kipimo cha kukuhakikishia kwamba yako haitakatika, anaangalia filta, anasikiliza, uamuzi wako. Mafundi wa kusema sina kipimo ni wachache mno jamani.

Kitu kingine anachokikagua bure kabisa ni eabegi. Zile za Takata, kampuni iliyofilisika 2017, ndani zina baruti ya amonia naitreti ambayo joto na unyevu wa miaka vinaiharibu, siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Watu wamekufa. BMW za bodi ya E46 za 2000 mpaka 2006 zimo, mwaka 2023 BMW waliwaambia wenye nazo Marekani wasiziendeshe kabisa. Hapa zipo bado zinatembea, nyingine zimekaa miaka Dar au Tanga kwenye joto lenyewe kabla ya kupanda huku. Ukimpa namba ya chesisi anaiingiza kwenye tovuti ya kampuni ya nchi gari ilikotoka na anakuonyesha kwenye simu kama kuna rikoli haijafanyika.

Sasa mapungufu, maana yapo. Ripoti anatoa kwa mdomo na picha za WhatsApp tu, mimi nilitamani karatasi yenye sahihi, ingemsaidia mtu kubishana bei na muuzaji. Springi za upepo hagusi kabisa, atakupeleka kwa mwenzake. Spea hana, unaagiza Kariakoo au nje, na hapo kusubiri ni kwako. Sehemu ya kukaa ni hilo benchi na vumbi lake. Jumamosi usiende, foleni ni ndefu mno.

Ukitaka nafasi mtumie picha ya namba ya chesisi siku mbili kabla, gari ifike kabla ya saa kumi na mbili jioni, na umwambie muuzaji asiguse chochote wala kuiosha injini, ikifika imeoshwa fundi anairudisha.