Ramani Huria kwa anayetaka kuijua Sinza: njia na mitaro safi, idadi ya watu tafuta kwingine

Dalali wa fremu, mwenye bodaboda za kusambaza mizigo, mtendaji anayeandaa taarifa ya kata: kila mmoja siku hizi huanzia kwenye ramani ya simu. Kwa Dar es Salaam, ramani ya bure inayofaa zaidi kwa kazi ya mtaani ni OpenStreetMap, ambayo yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha. Sifa hiyo haikuja bure. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani, wakishirikiana na wenyeji, wakachora nyumba, vichochoro na mifereji. Shabaha ilikuwa mafuriko. Ndiyo maana katika kata nyingi utakuta mtaro umeandikwa upana wake, kina chake, na kama ni wa zege au wa udongo. Ramani za kibiashara hazihangaiki na hayo.

Hapa tunaipima kwa Sinza, kata ndogo yenye Manzese na Tandale upande wa kusini, Kijitonyama mashariki na Ubungo magharibi. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi uliogharamiwa na Benki ya Dunia, kwa hiyo barabara zake za ndani zimenyooka na ramani inasomeka hata kwa mgeni. Vuka Mto Ng'ombe uingie Tandale, utaona mistari inavyobanana. Huko ndiko kosa la kawaida linapotokea: mtu anaweka safari ya gari, programu inamwingiza kwenye kichochoro ambacho hata Bajaji inagusa kuta mbili. Sababu ni kwamba upana wa njia mara nyingi haukujazwa. Kabla ya kuondoka, kuza ramani na utazame aina ya mstari. Wa nuktanukta au vipande mara nyingi ni wa miguu.

Kuipata si kazi. Pakua OsmAnd au Organic Maps, programu za simu zinazotumia ramani hiyo, kisha faili la Tanzania ukiwa kwenye wifi, maana ni kubwa. Baada ya hapo hakuna haja ya bando. Organic Maps ni nyepesi na haina matangazo, simu ya bei ndogo inaimudu. OsmAnd ina mambo mengi zaidi, lakini menyu zake zinachosha, na toleo la bure la Android lina kikomo cha idadi ya ramani za kupakua. Kwa matumizi ya kawaida tunapendekeza Organic Maps.

Udhaifu wake wa wazi ni majina. Watu wa Sinza hawaelekezani kwa majina ya barabara, wanaelekezana kwa vituo: Kumekucha, Mori, Makaburini, Kwa Remmy, Palestina. Usipopata "Remmy" jaribu "Remi" au "Remy" kabla ya kuilaumu programu. Tena jina la kituo si mpaka. Afrika Sana, kwa mfano, mmoja atakwambia ni Sinza, mwingine Kijitonyama, na dalali atachagua lenye bei.

Sasa watu. Ramani hii haina idadi ya watu wa kutegemewa, na wanaojaribu kuikisia kwa kuhesabu mapaa hupotea. Nyumba moja ya Sinza inaweza kuwa na familia ya mwenye nyumba mbele, wapangaji watatu kwenye vyumba vya uani, na fremu mbili za nguo barabarani. Jirani yake ni gesti. Ukichukua wastani wa kitaifa wa sensa ya 2022, watu 4.3 kwa kaya, ukauzidisha kwa idadi ya majengo, umechanganya jengo na kaya, na jibu halina maana.

Nenda kwenye majedwali ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo yanashuka hadi ngazi ya kata. Ila kuna mitego. Katika sensa ya 2012 Sinza imo chini ya Kinondoni, ikiwa na watu 40,546 (Manzese ilikuwa na 70,507). Katika ya 2022 itafute chini ya Ubungo, wilaya ambayo 2012 haikuwepo. Usipojua hilo utadhani kata imefutwa.

Mtego wa pili ni kupandisha takwimu za zamani kwa kasi ya mkoa. Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 mwaka 2012 hadi 5,383,728 mwaka 2022, ongezeko la karibu asilimia 23. Ukiipa Sinza asilimia hiyo hiyo unapata kama 50,000, na hiyo ni namba ya kubuni. Ongezeko kubwa limekwenda pembezoni, kwenye viwanja vipya. Kata za ndani ambazo nyumba zake zinageuzwa maduka na ofisi haziwezi kukua kwa mwendo huo.

Halafu kumbuka sensa ilihesabu waliolala mahali hapo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mgeni wa gesti kahesabiwa Sinza. Muuza duka wa Shekilango anayelala Kimara kahesabiwa Kimara. Anayetaka kufungua mgahawa wa mchana asitegemee namba hiyo peke yake. Asimame barabarani ahesabu wapita njia.

Kwa ngazi ya chini ya mtaa, Ramani Huria iliwahi kuchora hadi mipaka ya mashina, yaani vikundi vya nyumba ndani ya mtaa, kwa kuwauliza wajumbe wanaoyaongoza, na kazi hiyo ni ya thamani kuliko inavyosifiwa, kwa sababu mipaka mingi ya aina hiyo ilikuwa vichwani mwao tu. Lakini wajumbe hubadilika. Hakiki kwanza na ofisi ya serikali ya mtaa.

Ukikuta kosa, lirekebishe mwenyewe kwa programu ya StreetComplete, inayokuuliza maswali mafupi ukiwa umesimama mahali penyewe. Kwenye tovuti badiliko huonekana haraka. Kwenye simu mpaka upakue upya faili la ramani.