Miezi minne na kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755: uzoefu wangu

Wafasiri wa Kiswahili wanapoelekezana kwa Johnson, aghalabu humkusudia Frederick Johnson, ambaye kamusi yake ya Kiswahili sanifu ilitoka mwaka 1939 ikiwa imejengwa juu ya kazi ya Madan, mtunzi wa kamusi aliyemtangulia. Ndiyo maana mhariri wangu aliponirudishia tafsiri ya kitabu cha mahubiri ya Kiingereza cha karne ya 18, akiwa amelizungushia neno "wasiwasi" duara la penseli na kuandika pembeni "Mwanangu, mtazame Johnson", nilikwenda kabatini nikatoa kitabu kisichohusika. Aliyemkusudia alikuwa Samuel Johnson wa London, aliyetoa kamusi yake ya Kiingereza tarehe 15 Aprili 1755 baada ya kuihangaikia kwa miaka ipatayo 9, akisaidiwa na makarani 6 tu.

Ninayoitumia ni picha za kurasa za toleo hilo la kwanza, ambazo mtu anaweza kuzipakua bure kwenye intaneti. Kamusi ina juzuu 2. Nilianza na la kwanza, likanimalizia kifurushi cha wiki nzima, ndipo nikagundua kwamba linaishia herufi K ilhali neno nililolitafuta linaanza na N.

Neno lenyewe ni "nervous". Dibaji ya kile kitabu inausifu usemaji wa mhubiri kwa neno hilo, nami bila kufikiri mara mbili nikaandika kwamba marehemu "alihubiri kwa wasiwasi". Johnson anatoa maana tatu. Ya kwanza ni kitu chenye nguvu, kilichokazwa barabara. Ya pili ni chochote kinachohusu neva. Na ya tatu, anayoitaja kama misimu tu ya matabibu, ni mtu mwenye neva dhaifu au zenye maradhi. Maana ambayo sisi leo tunaiona kuwa ndiyo neno lenyewe, yeye ameiweka mkiani, tena kwa kuibeza kidogo. Kumbe mhubiri wangu alikuwa akisifiwa kwa maneno yaliyoshiba na yenye mshiko, nami nimemgeuza mtu anayetetemeka mimbarani.

Tangu hapo nimekuwa nikiyakagua hata maneno ninayodhani nayajua. "Candid", ambalo siku hizi ni sifa ya mtu asemaye wazi bila kuficha, kwake linaanza na maana ya weupe, kisha inafuata ya mtu asiye na hila wala nia mbaya. "Computer" ni mtu anayefanya hesabu. Sikuwa na haja ya hilo la mwisho katika kazi yangu, lakini kamusi hii ina tabia ya kumpotezea mtu mchana.

Utajiri wake mkubwa uko katika nukuu, ambazo ni zaidi ya 110,000 kwa vidahizo (maneno yanayofafanuliwa) visivyopungua 42,000, kwa hiyo neno huonekana likifanya kazi ndani ya sentensi za Shakespeare, Milton au Dryden badala ya kuachwa peke yake. Hata hivyo, nukuu hizo hazina miaka, mara nyingi hutajwa jina la mwandishi tu, na baadhi yake Johnson amezifupisha apendavyo. Anayetaka kujua neno lilibadilika lini hana budi kwenda kwenye kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884. Asili za maneno anazozitoa mimi huziruka kabisa.

Usumbufu mwingine ni wa macho. Herufi s ya zamani hufanana na f, na utafutaji wa kompyuta huchanganyikiwa hapo, kwa hiyo inabidi kufungua ukurasa baada ya ukurasa kwa mkono. Herufi I na J zimepangwa pamoja kana kwamba ni moja, hivyo "ice" hulikuta baada ya "jaw", na "jewel" baada ya "idle". Johnson mwenyewe pia hafichi mapenzi yake: shayiri ya "oats" anaieleza kuwa nafaka ambayo Uingereza hupewa farasi lakini Scotland hulisha watu, ingawa wengi wa makarani wake walikuwa Waskoti.

Kwa mfasiri wa maandishi ya karne ya 17 na 18 naipa nyota 4 kati ya 5. Anayejifunza Kiingereza cha kuombea kazi asiiguse.

Kurasa zangu zimerudi tena wiki iliyopita. Safari hii duara limezunguka neno "bidii", nililolitumia kufasiri "enthusiasm". Juzuu la kwanza ninalo tayari, na humo Johnson anasema ni imani ya bure ya mtu kwamba Mungu amemfunulia jambo yeye peke yake.