Prosesa ya i3-12100F: herufi moja iliyonitia hasara

Maneno haya nimeyaandika na kuyafuta mara tatu, kwa sababu kila nikianza hasira ilinitangulia. Hata leo haijapoa yote, lakini naona nikizidi kungoja kuna mwengine atauziwa kama nilivyouziwa mimi.

Nyumba yangu imo katika majumba ya Michenzani, na sebule haina nafasi ya kompyuta yenye kasha kubwa la kuweka chini ya meza. Nilitaka kompyuta ndogo, yenye ubao mama (ule ubao unaochomekwa vifaa vyote vya ndani) wa sentimita 17 kwa 17, ndani ya kasha jembamba litakalosimama kando ya televisheni, nitungie mitihani na mwanangu afanyie kazi zake za skuli. Kasha la namna hiyo halina pa kuchomeka kadi ya picha, yaani kifaa cha pekee cha kupeleka picha kwenye skrini, kwa hivyo picha ilikuwa lazima itoke kwenye prosesa yenyewe, ule ubongo wa kompyuta. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na muuzaji nilimwambia kwa kinywa changu.

Kadi ya picha nisingeitaka hata kama ingeingia. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani karibu miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, ilipoharibika njia ya umeme unaotoka bara kupitia chini ya bahari, tumejifunza kuuliza kila kifaa kinakula umeme kiasi gani kabla ya kuuliza bei. Kompyuta isiyokula sana hushikiliwa hata na UPS ndogo, ile betri ya akiba umeme ukikatika, ukapata dakika za kuhifadhi kazi yako na kuizima kwa utaratibu.

Baada ya kuulizia huku na huku nilibaki na prosesa mbili: Ryzen 5 5600G ya AMD na Core i3-12100 ya Intel. Ya kwanza ina nguvu zaidi, lakini ya pili ilikuwa nafuu na kwa kazi zangu inatosha na kubakia. Nikaamua i3.

Nilikwenda dukani, huko Darajani, na jina la duka sitalitaja. Kijana aliyekuwepo alinitolea prosesa ikiwa ndani ya kikasha cha plastiki kitupu, bila ya boksi lake la kiwandani. Niliisogeza kwenye mwanga nikasoma juu ya bati lake: i3-12100F. Nikamuuliza, "Mwanangu, mimi nimetaja 12100, hii F ni ya nini?" Akajibu huku anaangalia simu yake, "Mama, hiyo ni herufi ya kiwanda tu, mashine ni hiyo hiyo, na hii nimekupunguzia." Kweli alipunguza, kama shilingi elfu hamsini hivi, na mimi nikamshukuru. Shukrani ile ndiyo inayoniuma zaidi kuliko fedha.

Usiku ule tuliifunga mimi na mtoto wa dada yangu. Tulinyanyua kile kijiti cha chuma pembeni ya kitako cha prosesa kwenye ubao mama, tukalinganisha pembetatu ndogo ya dhahabu iliyo kwenye kona ya prosesa na alama ya kwenye ubao, tukaiweka taratibu bila ya kugusa vile visindano vilivyomo ndani, tukashusha kijiti. Feni likazunguka. Taa ikawaka. Skrini ikatuandikia kwamba hakuna ishara, kisha ikazima. Tulibadilisha waya wa HDMI, tukachomoa vijiti vya kumbukumbu tukavirudisha kimoja kimoja, tukaipeleka kwenye televisheni, na kote ilikuwa giza lile lile. Saa saba za usiku nilikuwa bado nimekaa sakafuni na tochi mkononi, nikiamini kwamba nimeuharibu ubao mama kwa mikono yangu.

Asubuhi mwalimu mwenzangu alinieleza kwa sentensi moja: F maana yake sehemu ya picha imezimwa. Tundu la HDMI lililo kwenye ubao mama halina picha yake lenyewe, linapitisha ile inayotoka kwenye prosesa, na prosesa isiyokuwa nayo haina cha kupitisha. Intel imekuwa ikiuza prosesa za namna hii tangu mwaka 2019, na kwenye boksi lake halisi huandikwa kwamba lazima uwe na kadi ya picha. Mimi boksi sikupewa.

Nilirudi dukani na risiti mkononi. Yule kijana hakukataa kwamba nilimuuliza. Alichosema, tena mbele ya wateja wengine, ni hiki: "Mama, vitu hivi havinunuliwi na kila mtu, ungekuja na fundi." Kisha akanipa mgongo akaanza kumhudumia mwanamme aliyeingia nyuma yangu. Nimesomesha zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kumjibu mwanafunzi namna ile kwa swali ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyelijibu vibaya. Fedha hakurudisha, kubadilisha hakubadilisha.

Kwa siku kadhaa nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba i3 ni takataka na Intel ni wezi. Sasa najua sikuwa na haki, ingawa sehemu ya lawama bado nawawekea: kitu kinachoamua kama mtu ataona picha au hataona hakistahili kufichwa katika herufi moja ya mwisho wa jina. AMD nao hawana nafuu. Katika kundi la 5600G herufi G ndiyo inayokuambia picha imo, na Ryzen 5 5500, ambayo jina lake limeikaribia sana, haina. Kwa hiyo huku herufi ikiwepo unapata, na kule ikiwepo unakosa. Mtu wa kawaida atajuaje?

Hatimaye niliagiza i3-12100 isiyokuwa na F kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa boti ndani ya boksi lake lililofungwa. Kasha lile lile, ubao ule ule, na picha ikatoka mara ya kwanza. Na hapa lazima niseme ukweli hata kama unanipunguzia hasira: ni prosesa nzuri mno. Natunga mitihani huku mwanangu amefungua kurasa kumi za kivinjari na haibabaiki, feni hata usiku hulisikii, na umeme ulipokatika wiki iliyopita UPS ilinivusha mpaka nikahifadhi kila kitu. Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba msiinunue. Inunueni, lakini shikeni bati lake mkononi na msome mpaka herufi ya mwisho kabla ya kutoa fedha.

Ile yenye F ninayo bado, katika kikasha chake cha plastiki, juu ya kabati. Kwa mwenye kasha kubwa na kadi yake ya picha itamfaa sana, na nitamuuzia kwa hasara, ila nitamwambia kwanza F ni ya nini.