Miezi minne barazani kwa Mwalimu: darasa la uchoraji la watoto, Kinondoni

Darasa hili halina bango wala jina rasmi, na mwenye nalo ameniomba nisimtaje, kwa hiyo nitaliita kama sisi wazazi tunavyoliita: barazani kwa Mwalimu. Hufanyika Kinondoni, Dar es Salaam, kila Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, kwa ada ya shilingi 15,000 kwa kipindi, karatasi na rangi zikiwemo. Kwa miezi minne nimewapeleka watoto wangu wawili, binti wa miaka 7 na kaka yake wa miaka 11, na nimeona kwamba huduma ileile imemfaa mmoja sana na mwenzake kidogo.

Jambo la kwanza ambalo mzazi hulishangaa ni kwamba Mwalimu hachori chochote ubaoni. Watoto hukaa mkekani, wakafumba macho, naye akawasimulia: alfajiri pale soko la samaki Feri, mashua zinaingia, maji ya baridi yanagonga magoti ya wapagazi, mama mwenye ndoo anabishana bei, paka yuko chini ya meza anasubiri riziki yake. Anaponyamaza, wanafumbua macho na kila mmoja anaanzia anapopenda. Ndiyo maana katika karatasi kumi na nne nilizoziona siku hiyo, tatu zilikuwa na paka mkubwa kuliko mashua.

Njia hii si ya kubuniwa juzi. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere, naye alianzia kwenye baraza ya nyumba yake mjini Kampala mwaka 1937, na alipendelea kuwasimulia wanafunzi tukio kuliko kuwawekea picha za Ulaya mbele ya macho. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, alikwenda mbali zaidi: katika kituo cha Paa ya Paa, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965, alitundika onyo kwamba watu wasiige, kwa kuwa kuiga humlaza Mungu usingizi. Mwalimu wetu hajidai kuwa mrithi wa yeyote, lakini anayemsikiliza kwa nusu saa hatakosa kuuona ukoo huo wa fikra.

Kwa binti yangu, malezi haya yamekuwa neema. Wiki ya tatu alichora nyumba ya bibi yake Korogwe, na ndani ya ukuta, kana kwamba ukuta ni kioo, akamchora bibi amelala kitandani na chungu kikiwa jikoni. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kumweleza kwamba mtu aliye nje haoni kitanda, Mwalimu akaniwahi. “Mama Neema, mwache kwanza,” alisema kwa upole. “Anachora anachokijua, si anachokiona.” Baadaye alinifafanulia kwamba watoto wa umri huu hupanga vitu juu ya mstari mmoja wa ardhi, hukuza kile wanachokithamini, na huonyesha nje na ndani ya kitu kwa pamoja bila kuona ubaya wowote. Mambo haya yaliandikwa kwa kina na Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyehama kutoka Austria hadi Marekani, ambaye pia alivipinga vikali vile vitabu vya michoro iliyokamilika ambayo mtoto huachiwa kazi ya kujaza rangi tu. Nakiri kwamba nyumbani tulikuwa navyo vinne.

Mwalimu hasemi “nzuri” wala “mbaya”. Huchuchumaa karibu na mtoto na kuuliza, “Hapa pana nini?” kisha anasubiri, hata kama kusubiri kwenyewe kunachukua dakika nzima, na jibu analiandika kwa penseli nyuma ya karatasi kwa maneno yaleyale ya mtoto. Hagusi mchoro wa mtu kwa mkono wake, na raba haziruhusiwi. Mstari uliokosewa hutafutiwa kazi nyingine. Kabla ya hapo binti yangu alikuwa akichora nyumba, mnazi na jua la pembeni, kama darasa lake zima shuleni. Sasa jua lenyewe halipo kila mara, kwa sababu, kama alivyonieleza kwa kunisikitikia, usiku hakuna jua.

Kaka yake ni habari nyingine. Yeye anataka kuchora daladala iliyokaa upande ikaonekana kweli imekaa upande, na anataka kujua vidole vya mkono huchorwaje. Jibu analopata ni “tazama tena”. Ametazama, amechana karatasi tatu, na Jumamosi mbili alikataa kwenda. Mtoto wa umri huo amekwisha kuanza kuzipima kazi zake kwa macho ya watu wazima na kuzionea aibu. Hapo kumnyima mbinu hakumlindi, kunamwacha peke yake. Tena tuko mji uleule ambako Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache tu, kuanzia karibu mwaka 1968 hadi alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Mtindo wake haukufa naye kwa sababu vijana waliokaa ubavuni pake walimwiga. Wapo waliobaki waigaji hadi leo, sibishi, lakini wapo walioiga kwanza ndipo wakapata mkono wao. Nilimwambia Mwalimu hivyo. Alicheka, akasema ni kweli anawaogopa watoto wakubwa kidogo, na kwamba atalifikiria. Hadi ninapoandika sijaona badiliko.

Vifaa ni vya kawaida na vinatosha: manila, mkaa, rangi ya unga iliyokorogwa kwa uji wa wanga, mabaki ya khanga ya kubandika. Msaidizi yupo mmoja, choo ni kisafi, ila kuanzia saa nne jua huingia barazani na watoto wa safu ya mbele huanza kusogeasogea. Maonyesho ya mwisho wa muhula hakuna. Badala yake, kila mwisho wa mwezi unakabidhiwa furushi la kazi zote zenye tarehe, pamoja na zile mtoto alizoziacha njiani, na mimi naliona furushi hilo lina thamani kuliko picha moja ndani ya fremu.

Mwenye mtoto wa miaka 4 hadi 8 ampeleke bila wasiwasi. Mwenye mkubwa aombe kipindi kimoja cha majaribio kabla ya kulipia mwezi mzima, na wote wavalishwe nguo kuukuu, maana ile rangi ya bluu haitoki hata kwa kuloweka.