Mvinyo wa Loire nautetea, yule mhudumu wa Vouvray simtetei

Jamani nina hasira na hii kitu toka kiangazi kilichopita na bado haijaisha. Tulilipia safari ya kuonja mvinyo bonde la mto Loire, Ufaransa, tunatokea mjini Tours kwa gari dogo, mimi na mdogo wangu ndo waafrika peke yetu. Kituo cha kwanza Vouvray, kwenye mapango yaliyochongwa kwenye yale mawe meupe, mule ndani baridi hata kama nje jua linawaka, ukiugusa ukuta vidole vinabaki na unga mweupe.

Sasa Vouvray karibu mvinyo wote ni zabibu moja tu, chenin blanc, ila inatoa mkavu kabisa, yaani usio na utamu, mtamu kiasi, mtamu wenyewe, na wa mapovu. Raha ya kwenda kule ndo hiyo, uonje zote ulinganishe. Basi mhudumu anamimina ule mkavu, glasi kwa glasi, akifika kwetu anaruka, naiona kabisa chupa inapita juu ya glasi yangu inaenda kwa mzungu wa pembeni. Namuuliza vipi, ananijibu nyie mtapenda ule mtamu, subirini. Nyie akina nani? Kanijulia wapi? Chenin hiyohiyo inalimwa Dodoma, naijua vizuri, na hela nimetoa sawa na wenzangu! Mdogo wangu ananifinya chini ya meza, dada achana naye, sikuachana naye, nikasukuma glasi mbele nikamwambia mimina. Akamimina tone.

Na hilo tone ndo linaniuma zaidi maana lilikuwa zuri ajabu, lina ukali wa ndimu, ukishameza kinywa kinabaki kinadai tena. Ule mtamu nao akatujazia, mzuri pia sikatai, ila niliunywa na donge kooni.

Mchana Chinon, mvinyo mwekundu wa cabernet franc, una kaharufu ka pilipili hoho, mzee wa pale akatumiminia wote sawa na akarudia bila kuombwa. Kesho yake tukapanda treni wenyewe mpaka Nantes, tukanywa Muscadet, mvinyo mweupe wa kule, na chaza wabichi. Mvinyo ule mwingi wanauacha ukae juu ya mashapo ya hamira yake miezi kadhaa ndo wautie kwenye chupa, una kaladha ka chumvi hivi, pale nilisahau kila kitu.

Nilitaka kutoa nyota moja. Nikikumbuka Chinon nasema nne, dereva naye alikuwa mstaarabu sana. Ila hapana, nikiirudia ile chupa inavyopita juu ya glasi yangu nashindwa, wabaki na mbili. Loire nendeni, tena nendeni kwa treni, kampuni hii msiipe hela. Nimewaandikia wanirudishie pesa ya Vouvray, mpaka leo kimya.